Wasifu wa Marehemu Chini ya Mlima Meru

Katika vijiji vilivyouzunguka Mlima Meru, tangu Usa River na Nkoaranga mpaka Leguruki na King'ori, na vivyo hivyo katika mitaa ya jiji la Arusha, uko utungo mmoja wa Kiswahili ambao pengine husomwa mbele ya watu wengi kuliko riwaya yo yote au diwani yo yote. Husomwa uani, chini ya turubai, jeneza likiwa mbele ya msomaji. Wasikilizaji huwa mamia, na kila mmoja hutega sikio, kwa kuwa anamjua anayetajwa. Utungo huo ni wasifu wa marehemu. Hauna mtunzi ajulikanaye, hauuzwi dukani, haufundishwi darasani, na baada ya siku ya maziko ni nadra kusomwa tena. Yamkini kwa sababu hizo wahakiki huupita kando, kana kwamba ni hati ya ofisi tu, ndugu yake cheti cha kuzaliwa. Lakini ni kazi ya lugha, nayo ina kanuni zake, ustadi wake na upungufu wake. Na upungufu wake mkubwa huonekana zaidi pale marehemu anapokuwa mwanamke aliyekula chumvi nyingi, yule ambaye karatasi humwita mke, mama na bibi mpendwa.

Kwanza yafaa kukumbuka jinsi utungo huu unavyotungwa. Ndugu hukutana usiku, katikati ya msiba. Mmoja wao, aghalabu mwalimu au karani, hupewa daftari na kalamu, na wengine humwambia la kuandika. Mzee wa ukoo hutoa mwaka wa kuzaliwa, na mwaka usipojulikana hutafutwa kwa njaa fulani, au kwa vita fulani, au kwa umri wa mtu mwingine aliyetahiriwa siku zile. Wanaume hukaa karibu na mwandishi. Wanawake waliomjua marehemu zaidi, wifi zake, majirani waliochuma kahawa pamoja naye, wachumba wa ujana wake waliogeuka mashoga wa uzeeni, wako jikoni, maana wageni hapana budi wale. Jambo hili halitokani na njama ya mtu. Ni mgawanyo wa kazi tu. Hata hivyo matokeo yake si madogo, kwa kuwa wenye habari wako motoni na mwenye kalamu yuko sebuleni. Alfajiri karatasi hupelekwa mjini ikachapwa, ikatiwa picha, ikatolewa nakala za kutosha, na saa nane mchana husomwa.

Umbo la karatasi hiyo ni karibu lile lile kila mahali. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa tatu au wa tano wa bwana fulani. Alibatizwa. Alipelekwa shule ya misheni, kama alibahatika kupelekwa. Aliolewa. Alijaliwa watoto kadha. Alianza kusumbuliwa na maradhi. Alilazwa hospitali. Alifariki. Ameacha mume, watoto, wajukuu na vitukuu. Mwanafunzi wa sarufi akiitwaa karatasi hii na kupiga mstari chini ya kila kitenzi, ataona jambo ambalo mwombolezaji halioni: takriban vyote vimo katika kauli ya kutendwa. Alizaliwa na mamaye, alibatizwa na mchungaji, alipelekwa na babaye, aliolewa na mumewe, alijaliwa na Mungu, alisumbuliwa na ugonjwa, alilazwa na daktari. Mwanamke aliyeishi miaka 80 anapita katika wasifu wake kama mzigo upitishwao mkono hata mkono. Tendo la kwanza alitendalo mwenyewe ni kufa.

Na la pili ni kuacha. Kitenzi hiki kinastahili kuangaliwa, kwa kuwa hapo ndipo wakati wa masimulizi unapogeuka. Mambo yote yaliyotangulia yamo katika wakati uliopita wa *-li-*. Ghafula msomaji anasema *ameacha*, katika wakati timilifu, wakati wa jambo ambalo matokeo yake yangalipo. Hapo sauti ya msomaji hubadilika, na hapo ndipo kilio kinapoanza upande wa wanawake. Watu hudhani kilio kinaletwa na hesabu ya watoto. Huenda kinaletwa pia na sarufi: marehemu ametenda tendo lake kubwa la mwisho, nalo ni kuwaacha waliopo. Mtunzi wa usiku ule hakukusudia athari hiyo. Aliirithi, kama mtu arithivyo nyumba asiyoijenga.

Itasemwa kwamba mwanamume naye huzaliwa, hubatizwa na hulazwa. Ni kweli. Lakini katikati ya wasifu wake mambo hugeuka: alioa, alijenga, alianzisha, aligombea, alistaafu. (Kwa haki yafaa kutaja kwamba hata yeye *aliajiriwa*, ofisi nayo hutenda watu.) Tofauti hiyo kwa sehemu imo katika lugha yenyewe. Kiswahili kimempa mume *kuoa* na mke *kuolewa*, wala mwandishi wa usiku mmoja hawezi kuigeuza lugha ya watu. Wako wanaoikwepa tofauti hiyo kwa kusema wawili hao *walifunga ndoa*, na hao wanafanya vizuri kuliko wanavyojua, maana kitenzi kimoja kimewatendesha wote wawili. Ila kukwepa neno moja hakutoshi ikiwa miaka 60 inayofuata imeachwa tupu.

Isidhaniwe kwamba kauli ya kutendwa ni kosa. Asemaye *alijaliwa watoto* anakiri kwamba mtoto ni kipaji, hakununuliwa wala hakutengenezwa, na adabu hiyo ni ya wenyeji wa mlimani na ya wapwani pia, ya Mlutheri na ya Mwislamu. Kusema mbele ya jeneza kwamba marehemu *alizaa* mara tisa kungekuwa ukweli usio na mavazi. Kadhalika neno *mpendwa*. Nalo ni la kutendwa: ni mtu ambaye wengine wamempenda. Neno ni zuri, na aliyeitwa hivyo na watoto wake hana hasara. Lakini neno hilo lasimulia habari za waliobaki. Yeye alimpenda nani? Alipenda nini? Alichukia nini? Karatasi haisemi, na mjukuu wa tano atakapoifungua baada ya miaka 20 atajua tu kwamba bibi yake alipendwa, kama wapendwavyo bibi wote walioandikiwa karatasi.

Katika jambo moja wasifu huu watenda wema ambao hakuna utungo mwingine uutendao. Mwanamke akisha kuzaa, kijiji humwita kwa jina la mwanawe: Mama Fulani. Baadaye huja wajukuu, naye huitwa bibi, au koko katika nyumba za Waarusha, na lile jina alilopewa na wazazi wake huzama. Wako majirani wa miaka 40 wasiolijua. Basi siku ya maziko msomaji hufungua karatasi na kulitaja, jina la ubatizo, jina la baba, jina la ukoo wa kwao, na pale uani watu hugeukiana. Kumbe aliitwa hivyo! Ni jambo la huzuni na la heshima kwa pamoja kwamba mtu arudishiwe jina lake saa ile asiyoweza kulisikia. Wasifu ungeanzia hapo na kukaa hapo kitambo, ukauliza jina hilo lilitoka wapi na alipewa na nani, ungekuwa umekwisha kufanya kazi ya fasihi. Aghalabu hauulizi. Hupita upesi kwenda kwenye ubatizo.

Ama hesabu ya wajukuu, wasomi wa mjini huicheka bure. Katika nchi ambayo mtu hujulikana kwa nyumba yake, hesabu ni sifa, nayo ina mwendo wake masikioni: watoto kadha, wajukuu kadha, vitukuu kadha, kila namba ikiinua sauti kidogo. Huo ni ushairi wa aina yake.

Swali la haki kwa mhakiki ni kama Kiswahili kinayo njia nyingine ya kumkumbuka mke na mama. Kinayo, na ya kwanza ni kongwe. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia utenzi binti yake Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na akafariki miaka michache baadaye. Wanafunzi wengi huusoma utenzi huo kwa ajili ya mafundisho yake juu ya utii wa mke, na wengi siku hizi hugombana nao kwa sababu hiyo hiyo. Ugomvi huo una haki yake. Lakini mtu akiuangalia kwa jicho la wasifu wa marehemu, ataona jambo jingine. Mwanzoni mama anamwita binti aje karibu na vifaa vya kuandikia, kisha yeye anasema na binti anaandika. Anasimulia mwenyewe jinsi alivyoishi na mumewe na jinsi mume huyo alivyomwaga siku ya kufa. Mkono ulioshika kalamu ni wa mtoto. Maneno ni ya mama. Chini ya Meru kalamu vile vile imo mkononi mwa mtoto, lakini na maneno nayo ni ya mtoto. Tena la ajabu ni kwamba utenzi huu unaohubiri utii umejaa vitenzi vya kuamrisha. Mwenye kufundisha unyenyekevu hanyenyekei hata kidogo katika sarufi yake.

Njia ya pili ni ya Shaaban Robert katika *Wasifu wa Siti binti Saad*, uliochapishwa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, miaka minane baada ya kifo cha mwimbaji huyo. Kitabu hicho kina kasoro, na si dhambi kuzitaja. Mwandishi husifu pasipo kipimo, na kila tukio hulitolea nasaha mpaka msomaji akatamani tukio lenyewe liachwe liseme. Pamoja na hayo, msomaji akikifunga hawezi kumsahau Siti, kwa sababu Siti anatenda. Anatembeza vyungu vilivyofinyangwa na mamaye, sauti yake ikinadi njiani, anatoka Fumba kwenda mjini, anajifunza, anavuka bahari mpaka Bombay, ambako santuri zake za kwanza zilitiwa sauti mwaka 1928. Mtu aweza kuziondoa sifa zote katika kitabu kile, na mwanamke angebaki. Hicho ndicho kipimo kizuri cha wasifu wo wote: ondoa sifa, kisha utazame nani amebaki.

Shaaban Robert huyo huyo, alipofiwa na mkewe Amina, hakuandika wasifu. Alitunga shairi, akamwambia maneno marehemu mwenyewe kwa nafsi ya pili. Njia hiyo imeenea mno leo katika matangazo ya kumbukumbu magazetini, pamoja na picha: *ulitutoka*, *tunakukumbuka*. Kumwita marehemu *wewe* ni kukataa kidogo kwamba amekwenda, na hapana anayeweza kuulaumu moyo uliofiwa. Shairi la "Amina" ni zuri, lenye uzito, na limewafariji wengi. Hata hivyo msomaji akilimaliza amemjua mume aliyefiwa kuliko mke aliyekufa. Majonzi ni jambo moja na ukumbusho ni jingine. Karatasi ya Meru, pamoja na ukavu wake, ina faida moja ambayo shairi halina: yasema *yeye*, na asemaye *yeye* amejifunga kueleza.

Aeleze nini, basi? Mambo hayahitaji kutafutwa mbali. Mwanamke wa miteremko ya kusini na mashariki ya mlima ule alitenda tangu alfajiri mpaka usiku. Alikata majani ya ng'ombe akayabeba kichwani. Alichuma kahawa, akaimenya, akaianika. Alilima mahindi na maharagwe kule chini kwenye joto, akarudi jioni kwenye migomba. Alikata mikungu akaipeleka Tengeru, au akapanda gari la alfajiri kwenda sokoni Arusha. Kwa desturi ya siku zile fedha za kahawa zilikuwa za mume. Za ndizi na maziwa zilikuwa za mke, na kwa senti hizo ada nyingi za shule zimelipwa. Karatasi husema watoto *walisomeshwa*. Ni kutendwa tena, na safari hii mtendaji ameondoka kabisa: walisomeshwa na nani? Kitenzi kimoja kingeondolewa na kingine kutiwa, *alisomesha*, nusu ya maisha yake ingerudi mahali pake. Vivyo hivyo na shamba. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilitamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, lakini katika wasifu shamba alilolilima miaka 50 bado ni shamba la mumewe, naye *alikaribishwa* humo.

Liko tukio moja katika historia ya mlima ule ambapo sarufi ya wasifu hugeuka jambo zito kuliko adabu na desturi. Upande wa kaskazini-mashariki ni Engare Nanyuki, jina la Kimaa lenye maana ya maji mekundu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza ilitaka ardhi iliyo baina ya Meru na Kilimanjaro iwe ya walowezi wa Kizungu mfululizo. Tume ya Jaji Mark Wilson ilitoa mapendekezo yake, na mnamo Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walitolewa Engare Nanyuki kwa nguvu. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wakaelekezwa upande wa King'ori. Wengi walikataa kupokea ardhi mpya wala fidia. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York akawakilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1967 yeye pamoja na wakili Earle Seaton wakatoa kitabu cha Kiingereza kiitwacho *The Meru Land Case*. Kesi hiyo ni sehemu ya historia ya uhuru wa Tanganyika, na yafundishwa hivyo.

Katika masimulizi ya kesi hiyo wanaume huwa na majina, na wanawake aghalabu huwa wingi: wanawake na watoto. Basi mahali pa kuwatafuta mmoja mmoja ni katika wasifu wao wenyewe. Mwanamke aliyekuwa mke kijana mwaka 1951, au msichana wa miaka 10, alizikwa au atazikwa kwa karatasi kama hii. Tukio kubwa kuliko yote ya maisha yake liliangukia juu ya nyumba yake na jiko lake. Karatasi ikisema kwamba *baadaye familia ilihamia King'ori*, imesema uongo kwa kitenzi kimoja. Kwa maana hapo, na pengine hapo tu, kauli ya kutendwa ndiyo iliyokuwa kweli: hawakuhamia, walihamishwa. Mtunzi aliyemwandika mwanamke huyu kama mtendwa katika ndoa yake, katika uzazi wake na hata katika jasho lake, amemfanya mtendaji mahali pale pale ambapo alitendwa. Hajakusudia. Anaona aibu kuleta mambo ya serikali ya zamani mbele ya jeneza; au hajui, kwa sababu alizaliwa baadaye, na yule aliyejua alikuwa jikoni akipakua chakula cha wageni.

Tena baada ya kuhamishwa alitenda. Alibeba alichoweza, akawasha moto mahali pasipo na mafiga, akalisha watu kwa chakula kilichobaki. Au alikataa, maana kukataa fidia hakukuwa kazi ya wazee wa mikutano peke yao. Mwenye kukataa ardhi mpya alihitaji mtu wa kuipika njaa ya miezi iliyofuata. Vitenzi hivi viwili vikikaa pamoja, *walihamishwa* na *alikataa*, vyatosha kumfanya mtu mmoja aonekane. Havihitaji kurasa, vyahitaji mistari miwili na mwandishi anayejua mahali pa kuweka *-w-*.

Mtu asiseme kwamba wasifu wa mwanamke hauwezi kuandikwa namna hiyo chini ya Meru, kwa sababu umekwisha kuandikwa. Karibu na Engare Nanyuki ni Momella, na huko aliishi Margarete Trappe, Mjerumani aliyefika na mumewe mwaka 1907 na kufariki mwaka 1957. Alikuwa mke, mama, na mwenye shamba. Aliandikiwa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, na miaka 50 baada ya kifo chake, yaani mwaka 2007, runinga ya Ujerumani ilimtolea filamu. Katika masimulizi hayo alipanda farasi, aliwinda, alijenga, alipoteza, alirudi. Vitenzi vyote ni vyake. Hana kosa kwa kuandikwa vizuri. Lakini mlima ni ule ule, mvua ni ile ile, na majirani zake waliokuwa wakilima upande wa pili wa mto walifanya kazi zisizopungua zake, nao wakaishia katika *aliolewa* na *alijaliwa*. Tofauti haikuwa katika maisha. Ilikuwa katika maandishi.

Bado liko jambo la lugha. Wasifu huandikwa kwa Kiswahili, nayo ni haki, kwa kuwa msibani huja watu wa kila kabila, na Arusha ni mji wa makabila mengi. Lakini marehemu huyu aliishi kwa Kimeru au kwa Kiarusha. Aliwakemea watoto kwa lugha hiyo, alibembeleza ng'ombe kwa lugha hiyo, na maneno ambayo wajukuu humwigiza nayo usiku wa msiba, wakicheka na kulia, ni ya lugha hiyo. Karatasi haina hata moja. Mwandishi huona haya, au hudhani kwamba Kiswahili kitaona wivu. Hakitaona. Lugha iliyopokea maneno ya Kiarabu, ya Kihindi, ya Kireno na ya Kiingereza haitashindwa kupokea neno moja la bibi mmoja, likaandikwa kama alivyolitamka na kufuatiwa na maana yake. Neno hilo moja lingemwonyesha kuliko *mcha Mungu, mkarimu na mchapakazi*, sifa tatu ambazo zimeandikwa juu ya wengi mno hata hazimwelekei mtu.

Ajabu ni kwamba hicho kinachokosekana katika karatasi hupatikana siku ile ile, hatua chache kutoka mahali inaposomwa. Wasifu ukiisha, huitwa mjukuu aseme kwa niaba ya wajukuu. Huanza kwa kusoma alichoandikiwa, sauti ikitetemeka, kisha hufika mahali akashindwa kusoma, akaikunja karatasi. Ndipo husema: jinsi bibi alivyowaficha wajukuu ndizi za kuchoma jivuni, jinsi alivyohesabu fedha za soko kwa kuzifunga mafundo katika ncha ya khanga, fundo la ada, fundo la chumvi, fundo la kanisa, na jinsi alivyokataa kuhamia mjini kwa mwanawe kwa sababu hakuna mahali pa kutupa maganda. Watu hucheka mbele ya jeneza. Maneno hayo hudumu dakika mbili, na hayaandikwi. Mtoa habari wa kesho atakayefungua bahasha ya familia ataikuta ile karatasi ya kwanza, iliyochapwa vizuri, yenye picha.

Aliyekuwa na miaka 10 mwaka ule wa 1951 amekwisha kupita 80 leo. Wasifu wa kizazi hicho unaandikwa sasa, mmoja mmoja, kila juma, Poli, Akeri, Leguruki, King'ori. Mwandishi hupewa usiku mmoja tu, na mwenye duka la kuchapa mjini hufungua mlango saa mbili asubuhi.